Uso wa Mwanasesere: Nta, Kalibu na Kitambaa katika Kazi za Vikundi vya Kata

Kila dirisha la mikopo ya Halmashauri linapofunguliwa, Idara ya Maendeleo ya Jamii hupokea maandiko ya miradi ya aina nyingi: ufugaji wa kuku, utengenezaji wa sabuni, ushonaji wa sare, bodaboda. Siku hizi limejitokeza na jingine, nalo ni utengenezaji wa wanasesere wa kitambaa. Ni kazi yenye heshima na ina wateja, lakini maandiko mengi yanayoihusu huomba vitu visivyo vyake.

Kikundi kimoja cha wanawake, ambacho hatutakitaja kwa kuwa jambo lenyewe lingeweza kumpata yeyote, kilileta ofisini wanasesere kumi na wawili kama kielelezo. Walikuwa wazuri, na bibi yeyote angemchukua mmoja wao akampelekea mjukuu bila kusita. Hata hivyo hapakuwa na wawili waliofanana. Mmoja alikuwa na macho ya vifungo, wa pili alikuwa na kinywa kilichovutwa upande na uzi, wa tatu alikuwa na uso wa duara uliotulia kama wa mtoto aliyetoka kuamka. Mwalimu wa elimu ya awali aliyekuwapo siku hiyo, na aliyehitaji wanasesere ishirini kwa ajili ya darasa lake, aliuliza kama angeweza kupata ishirini wa namna ya yule wa tatu. Mwenyekiti wa kikundi alijibu kwa uaminifu kwamba hata yeye mwenyewe hajui alivyompata yule wa tatu. Andiko la kikundi hicho liliomba cherehani sita.

Makala haya yanaeleza kwa nini andiko hilo lilirejeshwa, na kitu gani kilipaswa kuombwa badala ya cherehani.

Kinachouzwa ni uso

Kiwiliwili cha mwanasesere wa kitambaa hakina siri kubwa. Mtu anayeweza kukata na kushona gauni la mtoto anaweza kukata mikono miwili, miguu miwili na kifua, akavijaza na kuviunganisha. Uso ndio unaowashinda wengi. Kitambaa bapa kikijazwa hutoa mviringo kama wa mpira, na pua au mashavu hayana budi kuvutwa kwa sindano, mshono mmoja baada ya mwingine, kwa bahati na kwa saa nyingi. Ndiyo maana kila uso hutoka tofauti.

Dawa ya tatizo hilo ni kalibu. Neno hili wananchi wanalijua kutokana na kalibu ya kufyatulia matofali, na kazi yake hapa ni ileile. Kitambaa kilicholoweshwa gundi hukandamizwa ndani ya umbo gumu lenye sura ya uso, huachwa kikakauka, kisha hubanduliwa kikiwa gamba gumu lenye paji, pua, mashavu na kidevu. Gamba la kwanza na la hamsini huwa na sura moja.

Maarifa haya si mageni duniani. Mwaka 1873, Izannah Walker wa Central Falls, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, alipewa hataza ya kutengeneza wanasesere kwa kukandamiza tabaka za kitambaa chenye gundi ndani ya kalibu, kuzivika kitambaa chepesi kinachovutika, na kuzipaka rangi ya mafuta. Majimbo ya ukanda ule wa New England yalikuwa na viwanda vya pamba, na ni kutoka huko ambako meli za wafanyabiashara wa karne ya 19 zilileta Unguja kile kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho mpaka leo tunakiita marekani. Fundi wetu anayeanzia gamba lake kwa marekani, basi, anatumia kitambaa ambacho jina lake limetoka katika nchi ya kazi hiyo.

Huko huko Rhode Island, katika mji wa Pawtucket, Martha Chase alianza mwaka 1889 kutengeneza wanasesere wenye uso wa kitambaa kilichovutwa juu ya umbo lenye sura na kupakwa rangi iliyoweza kuoshwa. Baadaye hospitali ya mji wa Hartford ilimwomba mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima ili wauguzi wanafunzi wajifunzie, naye akakamilika mwaka 1911. Tutarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu linaigusa zahanati yetu.

Habari inayowafaa zaidi wanavikundi ni ya Käthe Kruse wa Ujerumani. Mwanasesere wake wa kwanza, wa mwaka 1905, alikuwa taulo lililojazwa mchanga, na kichwa chake kilikuwa kiazi. Alimtengenezea binti yake mdogo, akaendelea kuboresha kichwa kwa kitambaa kilichoundwa kwenye kalibu, na mwaka 1910 akaonyesha kazi zake katika duka kubwa mjini Berlin. Zikapendwa. Muda si mrefu likaja agizo la wanasesere 150 kutoka Marekani, na nyumba ya familia ikageuka karakana. Mwaka 1912 alihamishia kazi katika mji mdogo wa Bad Kösen, ambako wafanyakazi walishona na kupaka rangi kwa mkono huku sura ikitoka kwenye kalibu. Bila kalibu agizo la 150 lingekuwa maombi ya sura 150 tofauti.

Umbo la nta

Kabla ya kalibu kuwapo, sharti uwepo uso mmoja wa asili ambao kalibu itauiga. Uso huo waweza kufinyangwa kwa udongo, lakini nta ya nyuki ina faida ambazo udongo hauna: haipasuki inapokauka kwa kuwa haina maji, yaweza kusahihishwa leo, kesho na wiki ijayo, na ikiharibika huyeyushwa ikaanza upya. Aidha, hapa kwetu hupatikana. Wafugaji wengi wa nyuki hukamua asali na kuyatupa masega, ilhali masega hayo yakichemshwa katika maji na kuchujwa kwa kitambaa, nta hupanda juu maji yanapopoa, ikaganda kama mkate. Wenye mizinga katika kata zetu wangefanya vyema kuyatunza masega hayo, maana yana mnunuzi.

Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Isiwekwe kamwe juu ya moto moja kwa moja, kwa kuwa ikipata joto kupita kiasi hushika moto kama mafuta ya taa, na maji yakimwagwa juu yake moto husambaa. Sufuria ndogo yenye nta huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Chombo cha kuyeyushia nta kisitumike tena kupikia, na watoto wasiwepo karibu. Nta iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi ikiendelea kuunguza. Aliyeungua aweke mahali hapo chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha aende zahanati. Dawa ya meno, unga na mafuta havitibu.

Nta ikishaanza kuganda, hukandwa kwa mkono ikawa bonge lenye ukubwa wa uso unaotakiwa, na kubandikwa juu ya kipande cha ubao. Hufinyangwa uso wa mbele pekee, kuanzia utosini hadi chini ya kidevu na kuishia mbele ya masikio. Kisogo hakihitaji kalibu kwa kuwa hushonwa kwa kitambaa. Vifaa ni vya nyumbani: kijiko, kijiti cha mwanzi kilichochongwa, sindano nene. Katika maeneo ya joto nta hulegea kufikia saa sita mchana, hivyo kazi ifanywe asubuhi, na umbo litumbukizwe katika maji baridi kila linapoanza kuteleza.

Mambo mawili huharibu maumbo mengi ya nta, na yote mawili hayaonekani mpaka kazi imekwenda mbali. La kwanza ni kufinyanga uso kama unavyotaka uonekane mwishoni. Tabaka za kitambaa zina unene, nao hufunika kila kitu kidogo. Pua iliyo sawasawa kwenye nta hutoweka kwenye kitambaa, na midomo huwa mstari. Basi mfinyanzi atie chumvi kidogo: pua iinuke zaidi ya kawaida, mashimo ya macho yazame, mpasuo wa midomo uwe mpana. Uso wa nta ulio sahihi kwa kazi hii hutazamika kama mtu mwenye hasira, na hakuna haja ya kuhofu.

La pili ni mashimo yanayonasa. Tundu za pua zilizochimbwa, kope zilizopinda ndani au kidevu kilichokatwa kwa chini huifanya kalibu ishikamane na kitu kilicho ndani yake kama jino lililonasa kwenye nyama ngumu. Kila mteremko wa uso sharti ufunguke kuelekea nje. Fundi aliangalie umbo akiwa juu yake kabisa kwa jicho moja. Sehemu asiyoiona akiwa amesimama pale itanasa, na huna budi kuijaza nta.

Tuseme pia waziwazi kwamba nta hapa ni ya kufinyangia tu, haibaki kwenye mwanasesere. Mafundi wa London katika karne ya 19 waliuza wanasesere wenye nyuso za nta, na walikuwa wazuri mno. Kwenye jua la kwetu wasingemaliza wiki.

Kalibu ya jasi

Kalibu hutengenezwa kwa unga wa jasi, uleule ambao hospitalini huitwa P.O.P na kumfunga aliyevunjika mfupa, na ambao mafundi wa dari huununua kwa mifuko. Tanzania ina machimbo ya jasi, yakiwemo ya Makanya mkoani Kilimanjaro na ya Itigi mkoani Singida, na unga wake uko madukani.

Umbo la nta huzungushiwa ukuta wa boksi gumu au bati, nafasi ya vidole viwili kila upande, na ufa wa chini huzibwa kwa udongo. Nta hupakwa maji ya sabuni kwa brashi laini. Jasi hunyunyizwa ndani ya maji, wala si maji kumwagwa ndani ya jasi, kwa kipimo cha takriban kilo moja na nusu ya unga kwa lita moja ya maji. Huachwa dakika mbili inywe maji, kisha hukorogwa taratibu ili isiingize mapovu. Tabaka la kwanza lipakwe kwa brashi usoni kote, ndipo uji uliosalia umiminwe. Baada ya nusu saa hivi huwa imeganda.

Jasi inapoganda hupata joto. Ni tahadhari ambayo wengi hawaijui: kutumbukiza mkono au kukandika uso wa mtu halisi kwa jasi nzito ili kupata sura yake kumesababisha majeraha makubwa ya moto. Asithubutu mtu kuutumia uso wa mtoto kama umbo. Mabaki ya uji wa jasi nayo yasimwagwe kwenye sinki wala mfereji, maana hugandia humo. Yaachwe kwenye ndoo yagande, yatupwe kama taka ngumu.

Kalibu ikiwa bado na uvuguvugu, nta hung'olewa ikiwa imelegea, na masalia husuuzwa kwa maji ya moto. Hapa ndipo nta mara nyingi huharibika kabisa, na hapo hapo ndipo vikundi hupata hasara wasiyoitarajia. Kalibu ile ya kwanza ikivunjika, uso umepotea, na hakuna anayeweza kuufinyanga tena vilevile. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote kuanza, kalibu ya kwanza ipakwe maji mazito ya sabuni na kumiminiwa jasi ndani yake, ili upatikane uso mgumu wa jasi unaofanana na ule wa nta. Uso huu tuuite umbo mama. Utunzwe kabatini kwa mwekahazina kama kitabu cha benki. Kutoka kwake hutengenezwa kalibu nne, sita au kumi za kazi, zote za sura moja, na kalibu iliyochakaa hurithiwa na nyingine. Kalibu za kazi zikauke kivulini siku kadhaa, kisha zipakwe vanishi mara mbili.

Kitambaa na gundi

Gundi ya bei nafuu hutokana na wanga wa muhogo. Sehemu moja ya wanga huvurugwa katika maji baridi kidogo, kisha humiminwa ndani ya sehemu tano za maji yanayochemka huku ikikorogwa, mpaka weupe uishe na uji ung'ae. Unga wa kawaida wa ugali haufai kwa sababu ya nyuzi zake. Kasoro ya gundi hii ni kwamba mende huipenda na ukungu huishika. Matone machache ya mafuta ya karafuu ndani ya uji huzuia ukungu kwa kiasi, na harufu yake si mbaya.

Vitambaa vya ndani vyaweza kuwa makuukuu: shuka, marekani, mabaki kutoka kwa mafundi cherehani. Vikatwe mshazari, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika na kuingia mabondeni bila kukunjika. Kalibu hupakwa mafuta ya mgando kidogo sana. Kipande cha kwanza kilicholoweshwa gundi na kukamuliwa huwekwa ndani, hukandamizwa kwa kidole gumba kuanzia puani kwenda nje, na kijiti cha mwanzi hukisukuma kwenye mashimo ya macho na mpasuo wa midomo. Tabaka tatu au nne zatosha. Mtu anayeharakisha hatua hii hupata hewa chini ya pua, na mwanasesere wake hutoka kama aliyepigwa ngumi.

Gamba likikauka hubanduliwa, hupunguzwa kingo, na mafuta yaliyobaki usoni hupanguswa. Kisha huvikwa kitambaa cha ngozi, yaani kitambaa cha fulana cha rangi ya kahawia inayofaa, kilichovutwa na kubandikwa kwa gundi nyeupe ya useremala. Tunasema rangi ya kahawia kwa kusudi. Watoto wa kata hizi wamezoea wanasesere wa plastiki wenye nywele za manjano, na kikundi kinachomfinyanga mtoto wa hapa, mwenye paji pana na nywele za uzi mweusi zilizosukwa, hushindana na dukani pale ambapo duka halina bidhaa. Kisogo cha kitambaa hushonewa kwenye kingo za gamba, na kichwa hujazwa.

Kuhusu ujazo, sufi ni nyepesi na laini, lakini hushika moto upesi na vumbi lake husumbua pua, hivyo anayejaza ajifunge kitambaa. Mabaki ya nguo ni bure lakini hufanya mwanasesere mzito na hukawia kukauka anapofuliwa. Kwa maoni ya idara, vipande vya sponji kutoka kwa watengeneza magodoro vinafaa zaidi kwa wanasesere wa kuchezea.

Macho yasiwe vifungo

Wale kumi na wawili walioletwa ofisini wasingeruhusiwa kuingia katika kituo chochote cha kulelea watoto wadogo mchana, na sababu si sura zao. Sababu ilikuwa vifungo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu kinywani, na kifungo kilichong'oka kinaweza kuziba koo lake. Kipimo kinachotumika katika viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea ni mwanya wa duara wenye upana wa milimita 31.7, karibu na vidole viwili vya mtu mzima vikiwa pamoja: kitu kidogo kinachoweza kuzama chote humo hakifai kwa umri huo. Kitu kilichobandikwa, chenye upana unaozidi milimita 6, hutakiwa kustahimili mvuto wa nyutoni 90, sawa na kuning'iniza ndoo yenye uzito wa kilo 9 hivi. Vifungo vya kikundi kile viling'oka kwa vidole vya Afisa Maendeleo.

Kwa uso uliotoka kwenye kalibu vifungo havihitajiki. Shimo la jicho tayari lipo, na jicho hupakwa rangi. Rangi ya mafuta ya nyumba, hasa inayouzwa kwa kupimwa kutoka kopo lililofunguliwa, isitumike, kwani rangi nyingine huwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Inunuliwe rangi ya maji yenye lebo inayosema haina risasi, na juu yake upakwe ulinzi usio na sumu ili mate ya mtoto yasifike kwenye gundi ya wanga.

Zahanati na darasa la awali

Wateja wa karibu wa kazi hii ni wawili. Wa kwanza ni madarasa ya elimu ya awali na vituo vya malezi, ambavyo vimeongezeka tangu Serikali ilipozindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Mwalimu anataka wanasesere wanaofanana kwa sababu inayoeleweka na kila mzazi: wakitofautiana, watoto watamgombania mmoja.

Mteja wa pili ni kliniki ya mama na mtoto, na hapa turudi kwa yule mwanasesere wa Hartford. Muuguzi anayefundisha kumshika mtoto mchanga, kumnyonyesha, au kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, hawezi kufundishia kanga iliyokunjwa na akaeleweka. Anahitaji kitu chenye kichwa kinacholegea na uzito wa kweli. Mtoto anayezaliwa na chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mwanasesere mmoja wa kilo 3 na mwingine wa kilo 2, wenye uso mmoja, huifundisha mikono ya mama mdogo tofauti ambayo maneno hayaifikishi. Uzito hutokana na mchanga uliooshwa na kukaangwa, ukatiwa katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa mshono wa kurudia. Mchele na maharage visitumike, maana wadudu watavifuata. Wanasesere hawa wapewe nguo zinazovulika na kufulika, uso wao upanguswe kwa kitambaa chenye sabuni baada ya kila somo, na wasiwe vitu vya kuchezea watoto.

Kasi ya kazi hupimwa kwa kalibu

Turejee sasa kwenye cherehani sita. Kalibu moja hutoa uso mmoja, kisha hungoja. Wakati wa kiangazi gamba hukauka siku moja, na wakati wa masika huhitaji mbili au zaidi. Kikundi chenye kalibu nne kikiagizwa wanasesere 60 kitahitaji siku 15 za kiangazi kwa nyuso pekee, au siku 30 za masika, kabla ya kuhesabu kuvisha fulana, kupaka rangi na kushona. Cherehani sita haziongezi hata uso mmoja katika hesabu hiyo. Zitakaa zikingoja vichwa. Kalibu nane, kwa upande mwingine, hupunguza siku hizo kwa nusu, na gharama yake ni mfuko wa jasi na subira.

Hesabu hii ni muhimu kwa sababu mkopo una tarehe. Mikopo hii hutolewa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inayoitaka kila Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu uboreshwe, ukarejea mwaka 2024. Haina riba, lakini hurejeshwa, na fedha inayorejeshwa ndiyo hupewa kikundi kinachofuata kwenye foleni. Kikundi kilichoahidi wanasesere 60 kwa mwezi wa Aprili kikiwa na kalibu mbili kimekwisha kushindwa siku kilipotia saini.

Kwa hiyo andiko la mradi wa wanasesere lioneshe idadi ya kalibu za kazi, mahali umbo mama litakapotunzwa, mahali pa kukaushia pasipovuja, siku za uzalishaji kwa kiangazi na kwa masika kila moja peke yake, na mnunuzi aliyekwisha kuzungumzwa naye. Liambatane na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoridhia mkopo, taarifa za akaunti ya benki ya kikundi, na mwanasesere mmoja aliyekamilika. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata husaidia kuliandaa bila malipo, na yeyote anayedai fedha kwa huduma hiyo aripotiwe kwa Mtendaji wa Kata. Kwa mafunzo ya bidhaa na ushauri wa biashara, ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, zipo katika kila mkoa wa Tanzania Bara, na ndizo hutoa barua ya utambulisho kwa mjasiriamali mdogo anayetaka bidhaa yake ipimwe na TBS.

Kikundi kile kimelirudisha andiko lake. Safari hii kimeomba cherehani moja, kalibu nane, na bati la kuezeka kibanda cha kukaushia. Uso wa nta kimeufinyanga upya, na kwa kuwa mfinyanzi wao ni mama mwenye wajukuu saba, umefanana kidogo na mmoja wao. Mwalimu ameuona akasema unamfaa. Ameagiza ishirini, wakabidhiwe kabla ya muhula kufunguliwa.